Sura ya 4: Kutoka Kwenye Tableti Hadi Kompyuta ya Studio

Swali hili halikosekani popote vijana wanapofanya muziki: wimbo ulioanzia kwenye tableti unaweza kuendelezwa kwenye kompyuta ya studio, au prodyuza atalazimika kuanza upya? Anayeuliza huwa ameshatoa jasho. Ana biti, ana kiitikio, pengine ubeti wa kwanza ameshauimba, na vyote vimo ndani ya kifaa anachotembea nacho mkobani. Hofu yake ni kufika studio na kuambiwa, "Hiyo iache, tuanze moja."

Jibu ni kwamba inawezekana, na nyimbo nyingi nzuri hutengenezwa hivyo. Tableti ndogo haizuii kazi, na kompyuta ya zamani haizuii pia. Kazi huharibikia njiani, pale inapotoka kifaa kimoja kwenda kingine. Sura hii inahusu njia hiyo: nini kifanyike kwenye tableti, nini kisubiri kompyuta, na namna ya kuvuka bila kupoteza kitu.

Kamenge, mtaa wa kaskazini mwa Bujumbura nchini Burundi, ni mahali pazuri pa kuliangalia swali hili. Kirundi, Kiswahili na Kifaransa hukutana humo katika mazungumzo mamoja, na kwaya za makanisa hazikai mbali na vijana wa rap. Ndipo kilipo pia Centre Jeunes Kamenge, kituo kilichoanzishwa na wamisionari Wakatoliki wa shirika la Waxaveri mwanzoni mwa miaka ya 1990, ili vijana wa mitaa ya kaskazini, Wahutu kwa Watutsi, wawe na mahali pa kukutana, kucheza na kujifunza. Vita vya wenyewe kwa wenyewe viliivuruga mitaa hiyo vibaya, lakini kituo kiliendelea, na mwaka 2002 kilipewa tuzo ya kimataifa ya Right Livelihood. Vipaji viko vingi huko kuliko studio. Ndiyo maana ni muhimu kijana ajue anachoweza kukikamilisha mwenyewe kabla ya kulipia hata saa moja ya studio.

Kila kifaa na kazi yake

Programu ya kurekodia kwenye kompyuta hupanga sauti nyingi katika mistari inayokwenda sambamba. Kila mstari huitwa traki: ngoma ina traki yake, gitaa lina yake, mwimbaji ana yake. Iliyolea maprodyuza wengi wa Afrika Mashariki ni FL Studio ya Ubelgiji, iliyotoka mwaka 1997 kwa jina la FruityLoops. Zipo pia Cubase, Logic Pro na Reaper, na kwa asiye na pesa ya kununua zipo Audacity na LMMS, ambazo ni za bure.

Kwa upande wa tableti, ambayo wengine huiita kishikwambi, GarageBand iliingia kwenye iPad mwaka 2011. Mwaka huohuo ikatoka FL Studio Mobile, na mwaka 2012 Steinberg, watengenezaji wa Cubase, wakaleta Cubasis. Wenye Android nao wana FL Studio Mobile, Cubasis 3 na BandLab, ambayo haina malipo ya kuanzia.

Dunia ilianza kuichukulia tableti kwa uzito mapema. Mwaka 2010, miezi michache tu baada ya iPad ya kwanza kuingia sokoni, Damon Albarn wa kundi la Gorillaz alirekodi sehemu kubwa ya albamu ya The Fall kwenye kifaa hicho akiwa katika ziara ya Marekani. Albamu ilitoka tarehe 25 Desemba mwaka huo. Alifanya kazi hotelini na safarini, mahali ambapo asingeweza kubeba studio.

Hapo ndipo nguvu ya tableti ilipo. Inakwenda aliko mwanamuziki: mazoezini, kanisani, uani kwa bibi anayejua nyimbo za harusi. Ina betri, kwa hiyo umeme ukikatika kazi haikatiki. Na mtu huigusa kwa vidole, akapiga kinanda au ngoma juu ya kioo, jambo ambalo ni gumu kwa kipanya.

Kompyuta nayo ina nafasi. Traki 30 zinaonekana kwenye skrini moja, pumzi ya mwimbaji iliyoingia vibaya inakatwa kwa usahihi, na hatua ya miksi inafanyika vizuri zaidi. Miksi ni kusawazisha sauti zote ili kila moja isikike bila kuifunika nyingine.

*Kwa ufupi: tableti ni ya kunasa wazo na kurekodi popote. Kompyuta ni ya kuhariri, kufanya miksi na kumalizia.*

Ngoma za Burundi zilivuka zamani

Kurekodi mahali pamoja na kumalizia pengine hakukuanza na tableti. Burundi yenyewe ina mfano unaojulikana dunia nzima.

Mwaka 1967 ngoma za Burundi zilirekodiwa nchini na baadaye zikatolewa kwenye sahani na Ocora, lebo ya redio ya taifa ya Ufaransa. Mwaka 1971 mwanamuziki mmoja wa Ufaransa alichukua rekodi hiyo, akaongeza piano, gitaa na vyombo vingine juu yake, na ikatoka sahani iitwayo Burundi Black. Mwaka 1975 Joni Mitchell alitumia ngoma za Burundi katika wimbo wake The Jungle Line, akaweka juu yake sauti yake na sauti nzito ya kinanda cha Moog. Miaka ya 1980 ilipoanza, makundi ya Uingereza kama Adam and the Ants na Bow Wow Wow yakajenga mitindo yao juu ya midundo ya namna hiyo.

Kwa nini ngoma hizo ziliweza kubeba vyombo vingine juu yake? Sababu moja ni mpangilio wake. Wapigaji husimama nusu duara. Ngoma ya katikati, inkiranya, huongoza. Zile ziitwazo amashakwe hushikilia pigo lisiloyumba, na ibishikizo huifuata inkiranya. Mwaka 2014 UNESCO iliiweka sherehe ya ngoma hizi za kifalme katika orodha ya urithi wa utamaduni wa dunia usioshikika.

Mwanamuziki wa tableti ana la kujifunza hapa. Tempo, yaani idadi ya mapigo kwa dakika, ndiyo amashakwe ya mradi wake. Ikiwa imara tangu mwanzo, mwingine anaweza kuongeza chombo chake wiki ijayo, katika mji mwingine, kwenye kifaa kingine, na vikakubaliana.

Njia tatu za kuvuka

*Njia ya kwanza: kubeba sauti.* Kila traki hutolewa kwenye tableti kama faili la sauti linalojitegemea, kisha mafaili yote huingizwa kwenye programu ya kompyuta. Njia hii hufanya kazi baina ya programu yoyote na nyingine yoyote. Aliyerekodi kwenye GarageBand anaweza kumpelekea prodyuza wa FL Studio bila shida. Faili linalofaa ni WAV, kwa sababu linahifadhi sauti yote. MP3 hupunguza ukubwa kwa kutupa baadhi ya sauti, na kilichotupwa hakirudi.

*Njia ya pili: kubeba maagizo ya noti.* Huu ni mfumo wa MIDI, uliozinduliwa mwaka 1983 ili vinanda vya kampuni tofauti viweze kuwasiliana. Faili la MIDI halina sauti ndani yake. Lina maelezo tu: noti gani ilibonyezwa, lini, kwa nguvu kiasi gani, na iliachwa lini. Prodyuza akilipokea, anaweza kubadilisha kinanda cha tableti kikawa filimbi au besi bila kurekodi tena. Faili zima la wimbo ni dogo kuliko picha moja ya simu.

*Njia ya tatu: kubeba mradi mzima.* Baadhi ya programu za tableti zina ndugu zake kwenye kompyuta. Mradi wa GarageBand ya iPad hufunguka kwenye Logic Pro ya Mac. Mradi wa FL Studio Mobile hufunguka ndani ya FL Studio ya kompyuta. Mradi wa Cubasis huingizwa kwenye Cubase. Ni njia rahisi kuliko zote, mradi pande zote mbili ziwe za ukoo mmoja.

Ipo pia namna ya kuunganisha vifaa viwili vikiwa vinapiga pamoja. Tangu mwaka 2016 mfumo uitwao Ableton Link umeziwezesha programu nyingi za tableti na kompyuta kushika tempo moja kupitia Wi-Fi. Huwafaa zaidi wanaopiga muziki jukwaani. Kwa anayerekodi wimbo, njia tatu za juu zinatosha, na aliye makini hutumia mbili kwa pamoja: sauti ya kila traki, na MIDI ya vinanda.

Mfano: kwaya na prodyuza

Tuchukue kwaya ya vijana ya Kamenge inayotaka kurekodi wimbo wake mpya. Wana tableti moja yenye GarageBand, na prodyuza wa mtaa wa pili ana kompyuta yenye FL Studio.

Mpiga kinanda anaanza kwa kuweka tempo kuwa 100, kabla ya noti yoyote. Kisha anachagua namna ya kuhesabu. Midundo mingi ya Afrika Mashariki hugawa kila pigo katika sehemu tatu, na programu nyingi hufunguka zikiwa tayari zimewekwa hesabu ya nne kwa nne. Mdundo wa tatu ukilazimishwa ndani ya gridi ya nne, wimbo hunyooka hadi ukapoteza mwendo wake. GarageBand ya iPad ina hesabu ya sita kwa nane, na hiyo ndiyo anayoichagua.

Anapiga kinanda, anaongeza besi, kisha waimbaji wanarekodi mmoja mmoja wakiwa wamevaa hedifoni. Kazi ikikamilika, hatumi wimbo mzima kama faili moja. Anarudi mwanzo, anaweka mshindo mmoja mfupi kwenye pigo la kwanza la kila traki, halafu anazima traki zote isipokuwa kinanda na kukitoa kama WAV. Anakizima kinanda, anaacha besi peke yake, anaitoa. Anaendelea hivyo hadi sauti ya mwisho. Inachosha, kwani GarageBand ya tableti haitoi traki zote kwa mkupuo, lakini ndiyo kazi itakayomwokoa.

Kwa prodyuza mambo ni mepesi. Anafungua mradi mpya, anaweka tempo 100, anaingiza mafaili. Ile mishindo ya mwanzo inaonekana kwenye skrini kama vilele vyembamba, kimoja chini ya kingine. Kama traki moja imesogea, kilele chake kitakuwa pembeni ya vingine, naye ataivuta hadi viwe mstari mmoja. Kisha anaikata mishindo yote na kuanza miksi.

Makosa manne yanayorudisha kazi nyuma

1. Tempo isiyoandikwa. Traki ya tempo 100 ikiwekwa kwenye mradi wa 98, dakika moja baadaye itakuwa imetangulia kwa mapigo mawili. Kwa muziki wa kasi kama singeli ya Dar es Salaam, ambayo hupita mapigo 200 kwa dakika, programu inayokisia tempo inaweza kusoma nusu yake. Dawa ni kuandika namba yenyewe.

2. Sampuli zisizolingana. Kifaa hurekodi kwa kuipima sauti maelfu ya mara kwa sekunde, na kila kipimo huitwa sampuli. Viwango vinavyotumika sana ni 44,100 na 48,000. Faili la 48,000 likichezwa kama la 44,100, wimbo wa dakika 4 hurefuka hadi dakika 4 na sekunde 21, na sauti hushuka karibu noti moja na nusu za kinanda, zikihesabiwa nyeusi na nyeupe. Mwimbaji atadhani si yeye. Pande zote zikubaliane kiwango kimoja mapema.

3. Sauti iliyopasuka. Kipimo cha sauti kikifika juu kabisa na kuwaka nyekundu, vilele vya sauti hukatwa. Prodyuza hawezi kuvirudisha kwa ukamilifu. Ni salama zaidi kurekodi chini kidogo, vilele vikiachiwa nafasi ya desibeli 6 hadi 12, kwa kina cha biti 24 (hapa biti ni kipimo cha undani wa kila sampuli, si biti ya wimbo) pale kifaa kinapokiruhusu.

4. Madoido yaliyogandishwa. Mwangwi mwingi ukishaingia ndani ya sauti ya mwimbaji, hautoki. Traki za sauti zitolewe kavu. Anayependa mwangwi wake atoe nakala ya pili yenye madoido, ili prodyuza asikie alichokusudia.

Kwa nini sauti inachelewa masikioni?

Malalamiko mengine ni haya: mwimbaji anaimba, anajisikia kwenye hedifoni kwa kuchelewa, anaanza kuyumba. Ucheleweshaji huo una sababu zinazoeleweka.

Kifaa hakichakati sampuli mojamoja. Hukusanya fungu kwanza. Fungu la sampuli 128 kwa kiwango cha 44,100 huchukua takriban milisekunde 3. Fungu la 1,024 huchukua milisekunde 23, na hapo sikio linaanza kulalamika, kwa kuwa sauti husubiri inapoingia na husubiri tena inapotoka. Kwa kulinganisha, hewani sauti husafiri mita moja kwa takriban milisekunde 3, kwa hiyo mpiga ngoma aliye mita 3 kutoka kwa mwenzake tayari anamsikia kwa kuchelewa milisekunde 9 na hapotezi mwendo.

Kanuni ya kazi ni rahisi: fungu dogo wakati wa kurekodi, fungu kubwa wakati wa miksi. Hedifoni za Bluetooth zisitumike kurekodi, maana ucheleweshaji wake mara nyingi hupita milisekunde 100. Zile za waya, hata za bei ndogo, zinafaa zaidi. Tableti za Android za bei nafuu mara nyingi huchelewa kuliko iPad, kwa hiyo mwenye Android apime kwanza kwa kurekodi makofi machache juu ya mapigo na kuangalia yameangukia wapi.

Anayetaka ubora zaidi hununua kadi ya sauti, kisanduku kinachopokea maiki ya studio na kuiingiza kwenye tableti au kompyuta kwa waya wa USB. Kabla ya kununua aulize jambo moja: je, inapata umeme wake kutoka wapi? Baadhi ya kadi hunyonya umeme mwingi kuliko tableti inavyoweza kutoa, na huhitaji chaja yake pembeni.

Umeme, flashi na mega

Katika mji ambako umeme hukatika, mgawanyo wa kazi una faida nyingine. Kurekodi kufanywe kwenye tableti, ambayo betri yake hudumu saa kadhaa, na muda wa umeme uhifadhiwe kwa ajili ya miksi. Prodyuza mwenye kompyuta isiyo na betri awashe hifadhi ya kila dakika chache ndani ya programu yake.

Usafirishaji nao una hesabu yake. Dakika moja ya traki moja ya WAV ya mono, biti 24 kwa 44,100, ni takriban megabaiti 8. Wimbo wa dakika 4 wenye traki 10 unafika megabaiti 320. Kuutuma kwa intaneti ya simu ni kuchoma mega, na flashi inayopelekwa kwa miguu kutoka Kamenge hadi Kinama haina bando. Ikilazimu kutuma kwa mtandao, FLAC ni aina ya faili inayopunguza ukubwa bila kutupa sauti. Kwa WhatsApp, faili litumwe kama hati. Ujumbe wa sauti wa kawaida hubanwa na haufai kwa kazi ya studio.

Nakala ibaki pia kwenye tableti hadi wimbo utoke. Flashi hupotea.

Jina la nani kwenye wimbo?

Burundi Black ilitoka kwa jina la Burundi Steiphenson Black, jina la kisanii la Mfaransa aliyeongeza vyombo, na ngoma zilizoibeba zikajulikana kwa jina la nchi tu. Kijana anayerekodi leo ana uwezo wa kutenda haki zaidi kwa gharama ndogo sana: faili moja la maandishi ndani ya folda ya wimbo, likitaja aliyetunga, aliyepiga kila chombo, aliyeimba, na makubaliano ya malipo. Ofisi ya hakimiliki ya Burundi, OBDA, ndipo pa kusajili kazi.

Anayetaka kurekodi ngoma za kifalme aombe ruhusa ya kikundi kwanza, tena ajue kwamba amri ya rais ya Oktoba 2017 iliweka masharti: vikundi vijiandikishe wizarani, maonyesho yapate kibali, na upigaji wa ngoma hizo ni wa wanaume. Nyimbo za harusi, za kubembeleza watoto na za kwaya hazimo katika masharti hayo, lakini waimbaji wake wanastahili kuulizwa na kutajwa vilevile.

Muhtasari wa sura

Kabla ya kupeleka wimbo studio, folda iwe na vitu hivi:

- WAV ya kila traki, zote zikianzia pigo la kwanza na mshindo wa kulinganishia.
- MIDI ya vinanda na biti, kama programu inaitoa.
- Mchanganyiko mmoja wa majaribio, ili prodyuza asikie wimbo unakoelekea.
- Maandishi yenye tempo, hesabu ya mapigo, ufunguo wa wimbo na kiwango cha sampuli.
- Orodha ya majina ya wote walioshiriki.
- Majina ya mafaili yanayoeleweka: "besi", "sauti ya kwanza", "kiitikio wanawake", badala ya "traki 7".

Zoezi

Chukua wimbo mfupi wa nusu dakika wenye traki tatu: pigo, kinanda na sauti. Zitoe kwenye tableti moja moja, ziingize kwenye kompyuta yoyote yenye Audacity, kisha uzisikilize pamoja. Zikikubaliana kuanzia mshindo wa kwanza hadi mwisho, wimbo mzima unaweza kupita njia hiyohiyo. Zisipokubaliana, rudi kwenye makosa manne, uanze na namba ya tempo, kisha kiwango cha sampuli.